Gari la Kumchukua Mama

Harufu ya gundi ya pancha hunikaba koo mpaka leo. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya mvua ya kwanza au ya wali wa sikukuu. Mimi nimeangukiwa na gundi, na sina wa kumlalamikia, maana niliitafuta mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa kituoni hapa Nzuguni, asubuhi, nikingoja basi la watumishi linalotupeleka ofisini. Tulikuwa wanawake saba, kila mmoja na mkoba wake na chakula chake cha mchana, tukiusema upepo kama kawaida yetu. Ng'ambo ya barabara fundi baiskeli, ambaye juzi hakuwapo pale, alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mama mmoja muuza maziwa amesimama mbele yake na ndoo zake chini, akingoja. Fundi aliingiza vidole ndani ya tairi, akapapasa taratibu, akachomoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha yule mama. Sikusikia alichosema, lakini nilikijua. Upepo ukaivusha ile harufu ya gundi mpaka upande wetu. Basi lilipofika wenzangu wakapanda, mimi nikapiga simu ofisini nikasema naumwa, na sikuwa nimedanganya sana.

Yule alikuwa Fundi Ndahani. Sikuwa nimemwona tangu nikiwa darasa la tatu, tangu siku alipofungasha vifaa vyake na kuondoka kwa sababu yangu.

Wakati huo Nzuguni ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Watu walilima mtama na karanga palepale yalipo sasa maghorofa ya watumishi, na mtu akisema anakwenda mjini alijulikana tangu jana yake. Alfajiri wanawake wa mtaa wetu walitoka kwa makundi. Wengi walitembea kwa miguu kandokando ya reli, ungo kichwani, wakisimuliana habari kwa sauti kubwa ili njia iwe fupi. Wengine walidandia matrekta na magari ya mchanga. Wawili watatu walikuwa na nauli. Mama yangu peke yake alikwenda kwa baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya marehemu baba, nyeusi, ya kiume, yenye kile chuma cha katikati ambacho mwanamke mwenye gauni hana namna ya kukivuka kwa heshima. Mama alivaa suruali ya baba ndani ya gauni, akakunja gauni mpaka magotini, akalizungushia kitenge na kulibana kwa pini kubwa. Ungo aliufunga kwenye keria kwa mpira. Alikuwa mtu wa Kibakwe, kule milimani, alikojifunza baiskeli akiwa msichana kwa kushuka na vitunguu vya babu mpaka mnadani. "Kupanda nilijifunza baadaye," alikuwa akisema. "Kushuka ndiko nilikozaliwa nako." Tambarare ya Dodoma kwake ilikuwa mchezo, isipokuwa upepo. Upepo wetu unatoka mashariki, na mama alisema una tabia za tajiri: asubuhi unakusukuma uwahi kazini, jioni hautaki urudi kwako.

Kazi yake ilikuwa ghalani, Majengo, kuchambua karanga na choroko. Wanawake waliketi chini kwa safu, miguu imenyooshwa, kila mmoja na ungo wake, wakitoa mawe na punje mbovu mpaka jioni. Hawakuwa waajiriwa wa kudumu. Kila asubuhi msimamizi alisimama getini akawahesabu wanaoingia, na wakitimia, geti lilifungwa. Aliyekuta limefungwa alirudi na ungo wake kichwani, na siku ile ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Ndiyo maana ile baiskeli ilikuwa kila kitu. Waliotembea iliwabidi waamke saa tisa. Mama aliamka kumi na moja, akanipikia uji, akanisuka nywele akiona haja, na bado akawakuta wenzake njiani na kuwapita.

Nami niliionea aibu. Niliseme hili mapema, kwa sababu kwa miaka mingi nimejisimulia habari hii kama ya mtoto aliyempenda mama yake akakosea. Nilimpenda, ni kweli. Lakini saa kumi na mbili na nusu, tukiwa tunafagia uwanja wa shule, mama alipita mbele ya lango na suruali ya kiume na kilemba, akapiga kengele mara mbili kunisalimu. Wenzangu wakapiga kelele, "Stella, baba yako huyo anapita!" Nami nikainama nyuma ya fagio kana kwamba kuna takataka ya maana sana pale chini. Mama aliendelea kupiga kengele kila siku. Nadhani alidhani sisikii.

Jirani yetu alikuwa Mama Joyce, karani wa ofisi moja ya serikali. Huyu hakutembea wala hakupanda kitu. Kila asubuhi gari jeupe lilikuja mpaka mlangoni kwake, dereva akapiga honi kidogo, na Mama Joyce akatoka na viatu vya kisigino, pafyumu yake imemtangulia. Mama yangu na suruali ya marehemu alikuwa ameshapotea zamani huko relini. Siku moja nilimuuliza Mama Joyce kwa nini gari linamfuata yeye. Alikuwa anafunga mlango, na akanijibu kama watu wazima wanavyomjibu mtoto wakiwa na haraka.

"Mimi sina usafiri, mwanangu. Kazini wanajua sina usafiri, ndiyo wanatuma gari."

Nililitafakari jibu hilo siku nzima, na kwa akili yangu ya darasa la tatu lilikuwa wazi kuliko hesabu za ubaoni. Asiye na usafiri hutumiwa gari. Mama yangu hatumiwi gari kwa sababu ana baiskeli. Baiskeli ikishindwa, pale ghalani watangoja, watauliza, wataambiwa, "Huyo hana usafiri," na gari jeupe litaingia mtaani kwetu na kupita mlango wa Mama Joyce. Hakuna aliyenifundisha kwamba mahali pengine mtu asipofika hata haulizwi.

Uani kwetu kulikuwa na uzio wa michongoma. Anayeijua michongoma anajua miiba yake: mirefu, imenyooka, migumu kama sindano ya gunia. Jioni moja mama akiwa bafuni nilivunja mmoja, nikachuchumaa nyuma ya baiskeli, nikausukuma ubavuni mwa tairi, pale mpira ulipo laini. Ulinichana vidole kabla haujaingia. Nilisikia pumzi kidogo tu, kisha kimya, nikauvunja mkia usionekane.

Kesho yake nilifagia uwanja nikiwa nimeinua kichwa. Mama hakupita. Nilifurahi. Niliporudi nyumbani mchana nilimkuta ameketi kizingitini na ungo wake miguuni.

"Pancha," alisema. "Nimekuta geti limefungwa."

"Gari halikuja?"

"Gari gani?"

Niliona kwamba siku moja haitoshi, kwamba wenye ghala bado hawajajua hali yetu.

Nilifanya tena juma lile, na juma lililofuata. Sikumbuki mara ngapi, labda tano, labda saba. Nakumbuka mama akichanganya unga na maji mengi zaidi, nakumbuka tukila mlenda bila kitu kingine, nami nikijiambia vumilia, gari litakuja. Kila mara aliisukuma baiskeli mpaka kwa Fundi Ndahani, aliyekuwa na kibanda cha mabati mahali njia yetu inapokutana na reli. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mikono myeusi, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuacha kwa yeyote. Alizamisha mpira kwenye beseni, akafuata mapovu, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza, akabandika kiraka. Kisha, kabla hajaurudisha mpira, alipapasa ndani ya tairi mpaka akipate kilichotoboa, na kukiweka kwenye kiganja cha mwenye baiskeli.

"Mwizi wako huyo," alisema.

Alitaka mtu ajue kwamba ametobolewa kweli, asije akadhani ametozwa bure. Mama aliirudisha ile miiba nyumbani ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, nami nikimwona akiihesabu kwa macho na kukunja uso.

Ijumaa moja nilichoma tairi nikasahau kwamba kesho yake ni Jumamosi, siku ambayo mama alinipakia kwenye keria tukaenda wote ghalani. Tulipofika relini tairi lilikuwa limelala. Fundi alitusalimu Kigogo, "Mbukwa, Mama Stella," mama akaitikia kwa kuchoka, na mimi nikatoa shikamoo yangu nikiangalia pembeni. Alifanya kazi yake mpaka mwisho. Mwiba ulipotoka hakuuweka kiganjani mwa mama mara moja. Aliugeuzageuza.

"Mama Stella, mwiba huu si wa njiani," alisema. "Njiani kuna mbigili, nayo huingilia chini, pale tairi linapokanyaga. Huu umeingilia ubavuni. Na ni wa mchongoma. Mchongoma hautembei."

"Unasema nini, fundi?"

"Nasema kuna mkono."

Kisha akanitazama. Hakunitazama usoni, alinitazama vidoleni. Nikaificha mikono ndani ya gauni. Mama hakuona, alikuwa anaangalia jua, anapiga hesabu ya geti.

Geti tulilikuta limefungwa. Tuliporudi, mama akiisukuma baiskeli kwa kupingwa na upepo na mimi nikitembea nyuma yake, alikuwa akirudia maneno ya fundi, "Kuna mkono, kuna mkono, mkono wa nani?" Kila alipoyarudia nilihisi analikaribia jina langu. Tulipita tena kwenye kile kibanda, na nikaona kitu nilichokuwa nimekiona kila siku bila kukijali: nyuma ya mabati yake kulikuwa na uzio wa kiwanja cha watu, nao ulikuwa wa michongoma.

"Mama," nilisema tulipokwisha kupita, "mimi nilimwona yule fundi akimwaga miiba njiani."

Hayo ndiyo maneno. Nimejaribu kuyapunguza uzito kwa kila njia, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa fimbo. Mama yangu hakuwa mtu wa fimbo. Niliogopa tu kuonekana nilivyo, na mtu wa kwanza aliyekuwa karibu nikamtupia.

Mama alisimama. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Lini?"

"Nikienda shule."

Shule ilikuwa huku kwetu kabla ya reli, nami sikuwa na sababu ya kufika kibandani. Mama alikuwa amechoka na amekosa siku nyingi za kazi, na ukweli ni kwamba kila mtu mwenye baiskeli amewahi, hata kwa mzaha, kumshuku fundi wa pancha kwamba anajitengenezea wateja. Nilikuwa nimempa kitu ambacho tayari kilikuwa midomoni mwa watu.

Jioni ileile alilichukua kopo tukaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Fundi Ndahani aliitwa. Mjumbe alimimina miiba mezani, yote ya aina moja, akauliza uzio ulio nyuma ya kibanda ni wa mti gani, fundi akajibu ni wa michongoma. Watu waliokuwa mlangoni wakaguna. Mjumbe akanigeukia, akaniinamia kwa upole, akaniambia nisiogope, niseme nilichokiona.

"Nilimwona anamwaga," nilisema.

Fundi Ndahani hakupandisha sauti. Aliniangalia kwa muda, nikawa nangoja aseme habari ya vidole vyangu. Akasema tu, "Basi. Nitahama." Kesho yake asubuhi tulimwona akipita na beseni kichwani, pampu mkononi na mabati yake mawili yamefungwa kwa kamba kwenye keria. Alipofika mbele ya mlango wetu alimsalimu mama kama siku zote. Mama hakuitikia. Lilikuwa jambo kubwa, kwa mtu aliyelelewa Kibakwe, kutoitikia salamu.

Mimi niliacha miiba siku hiyohiyo. Niliogopa hata kuukaribia uzio. Na kwa kuwa niliacha, pancha zikaisha, na kwa kuwa pancha zimeisha, mtaa mzima ukapata ushahidi uliokuwa umebaki. "Mnaona?" mama aliwaambia wenzake. "Tangu aondoke yule mtu, hata moja." Wakatikisa vichwa. Nami nilikuwa hapo, nimeshika ndoo ya maji, nikijifunza kwamba uongo ukishakaa vizuri hauhitaji hata kuusaidia.

Lakini mbigili za njiani hazikuwa zimehama na fundi. Kama majuma matatu baadaye ikamchoma ya kweli, katikati ya njia ya reli, na mahali pa kibanda palikuwa na duara la udongo mweusi tu. Aliisukuma mpaka mjini. Jioni, akijikanda nyayo, alisema kwamba njia ile sasa haifai, ukichomwa huko umekwisha. Heri barabara kuu, kule njia panda kuna mafundi. Nilitaka kumwambia asipite barabara kuu. Barabara ile ilikuwa ya malori yanayotoka pwani, na kila mama wa Nzuguni alimkataza mwanawe hata kuisogelea. Lakini ningesema kwa sababu gani? Nikanyamaza, kazi ambayo sasa nilikuwa nimeizoea.

Alipita barabara kuu siku mbili. Siku ya tatu lori lilimpita karibu mno. Halikumgonga, upepo wake ndio uliomsukuma, na baiskeli ikatoka kwenye lami na kutumbukia kwenye karavati pamoja naye.

Sikuambiwa. Watoto hawakuwa wakiambiwa. Nililala siku nne kwa Mama Joyce, nikala chakula kizuri, nikaambiwa mama yuko hospitali na atapona. Siku ya tano mchana nilikuwa nacheza rede na Joyce uani kwao niliposikia honi. Gari jeupe lilikuwa limeingia mtaani, na halikusimama kwa Mama Joyce. Lilipita mlango wake, taratibu, likaja kusimama kwetu.

Nilikimbia nikipiga makelele. Nilipiga makelele kwa furaha, naliandika hili nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilisema, "Limekuja! Limekuja la mama!" Wanawake waliokuwa wamekusanyika pale walinitazama wakadhani ni mtoto anayemfurahia mama yake. Dereva alifungua mlango wa nyuma, na kwanza ulitoka mguu mweupe wa plasta, mrefu, mgumu, ukashikwa na watu wawili. Kisha ukatoka uso wa mama, umekuwa mdogo. Mama Joyce ndiye aliyewaomba kazini kwake gari la kumtoa hospitali, huruma tu ya siku moja. Mama aliniona, akatabasamu, akasema, "Stella, umeona mama yako leo kapanda gari."

Goti lake halikukunjika tena sawasawa, wala halikunyooka. Ghalani mtu huketi chini kutwa nzima miguu imenyooka, na yeye hakuweza kuketi chini wala kuinuka bila kushikwa. Baiskeli iliuzwa kama vyuma. Mama alianza kuchoma maandazi mlangoni, na kwa maandazi hayo nilivaa sare, nikamaliza shule, nikaenda chuo, nikapata kazi. Sasa basi la ofisi linanichukua mimi. Kila asubuhi nikipandisha mguu ngazini naona aibu ambayo siwezi kumweleza aliye nyuma yangu kwenye foleni.

Na mama hakumsahau Fundi Ndahani. Alimtaja kila baridi ya mwezi wa sita ilipompandisha maumivu gotini. Mwanzoni alimtaja kwa uchungu, kwamba mtu mzima anawezaje kumtesa mjane kwa tamaa ya pancha. Baadaye, alipozidi kuwa mtu wa kanisa, alibadilika. Siku moja kwenye jumuiya, nyumbani kwetu, kila mmoja aliombwa aseme kilichomlemea moyoni. Mama alisimama akiegemea meza, akasema mbele ya watu wote kwamba kuna fundi mmoja aliyemkosea zamani, na leo amemsamehe kabisa, na Mungu ambariki popote alipo. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimeketi karibu yake, ni mtu mzima mwenye mshahara, na nami nikaitikia amina.

Basi asubuhi ile ya kituoni, baada ya kudanganya ofisini kwamba naumwa, nilirudi nyumbani. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha uani, anachambua choroko za mchana. Vidole vyake havijasahau ghala, bado vinakimbia. Niliketi kwenye ndoo mbele yake nikamwambia. Nilianza na Mama Joyce na lile gari, nikamalizia na karavati. Vidole vyake viliendelea kuchambua karibu mpaka mwisho. Nilipofika pale niliposema nilimwona anamwaga, vikasimama.

Hakulia. Ningependa angelia, au angenipiga na ule ungo. Jogoo wa jirani akawika mara mbili, saa za ovyo kama kawaida yake.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Fundi."

"Ng'ambo ya kituo."

"Niitie bajaji."

"Mama, utanisamehe?"

Aliweka ungo chini, akatafuta fimbo yake kwa mkono. "Goti ni langu, la goti tutaliongea mimi na wewe. Jina ulilolichafua ni la mtu. Msamaha wake kwa nini niugawe mimi? Niletee kitenge kizuri."

Tukapanda bajaji. Aliushika mguu wake kwa mikono miwili kila tulipopita shimo. Tulipofika, Fundi Ndahani alikuwa hana mteja, anajaza upepo gurudumu la baiskeli ya mtoto. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alimwona mama akiteremshwa na dereva, akakunja macho, kisha akasimama na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Mbukwa, Mama Stella," alisema, kana kwamba waliachana jana.

"Mbukwa," mama aliitikia. Ilikuwa salamu ile iliyokuwa imekataliwa mlangoni kwetu, na sauti yake ilikatika katikati. Kisha akaniweka mkono mgongoni, akanisogeza mbele. "Nimekuletea mwizi wako," akasema.

Nilisema. Nilisimama mbele ya kituo changu mwenyewe, na viatu vyangu vya ofisini, watu wakipita, nikamwambia kwamba sikumwona akimwaga chochote, kwamba mkono ulikuwa wangu. Aliendelea kuishika ile pampu wakati wote. Nilipomaliza alitikisa kichwa polepole.

"Nilijua," alisema. "Vidole vyako vilikuwa vimechanikachanika."

"Mbona hukusema, fundi?" mama aliuliza.

"Ningesemaje? Mtoto ambaye babake amekufa juzi, nimsimamishe mbele ya watu niseme huyu ndiye anayemharibia mama yake baiskeli? Nikasema akikua atasema mwenyewe." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. "Ila umekawia, mwanangu. Mke wangu alikwenda kaburini akiamini nusunusu kwamba nilimwaga."

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani sasa tutapewa kigoda, tutaulizana habari za watoto. Fundi aligeuka kumtafutia mama pa kukaa, na ndipo alipoiona fimbo, kisha mguu unaoburuta. Yeye alikuwa amehamia Mvumi kwa dada yake kabla ya yote yale. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Na mguu huo, Mama Stella?" aliuliza. "Umepatwa na nini?"

Mama aligeuka akanitazama.

"Hilo nalo sema," alisema.